Kitambaa Kabla ya Cherehani

Sehemu kubwa ya mafanikio ya nguo inayoshonwa nyumbani huamuliwa kabla cherehani haijatiwa uzi, kwa kuwa aina ya kitambaa, upana wake, namna kilivyofumwa na kiasi kilichonunuliwa ndivyo vinavyoweka mipaka ya kila hatua itakayofuata, kuanzia kukata hadi kupiga pasi ya mwisho. Nyumba nyingi zenye cherehani huwa pia na viporo vyake: kitenge kilichokunjwa chini ya kabati tangu sikukuu iliyopita, sketi iliyokwisha kukatwa lakini haina mkanda, shati la mtoto lililobaki bila mikono mpaka mtoto mwenyewe akalipita kwa kimo. Wenye viporo hivyo hujilaumu kwa uvivu, na mara nyingi hujilaumu bure. Vikichunguzwa kimoja kimoja, vingi huonekana vilikwama kwa sababu iliyoanzia dukani: kitambaa hakikutosha, kilikuwa chepesi mno kwa nguo iliyokusudiwa, kilivutika pale kisipotakiwa kuvutika, au kilinunuliwa kwa sababu ya uzuri wake tu pasipo kujulikana kingeshonwa nini.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana historia ndefu ya kukijua kitambaa kwa jina, kwa kipimo na kwa kukishika. Baada ya Marekani kufunga mkataba wa biashara na Sultani Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, mwaka 1833, pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya jimbo la Massachusetts iliingia Zanzibar kwa wingi, ikapata jina la merikani, na uimara wake ukaifanya ipokelewe kama fedha katika misafara ya bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, nafasi ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay. Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki iliyotiwa rangi ya nili, bafta nyeupe na melimeli nyembamba, na kila kimoja kilikuwa na matumizi yake yaliyojulikana. Kipimo kilikuwa mkono, yaani umbali wa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambao ni karibu nusu yadi. Mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti, na kitambaa kizima kama kilivyofungwa kiwandani kiliitwa jora. Kiwiko kimeondoka na futi kamba imeshika nafasi yake, ila doti ingali ikitajwa kwa jozi ya kanga na jora lingali likikunjuliwa juu ya meza ya muuzaji.

Yadi na mita, ambazo maduka mengi huzitumia kwa kubadilishana, zinastahili tahadhari. Yadi moja ni sentimita 91.44, hivyo anayehitaji mita 3 akapimiwa yadi 3 hurudi nyumbani na upungufu wa karibu sentimita 26, ambao ni urefu wa mkono mfupi wa blauzi. Mnunuzi hana budi kuuliza bei inayotajwa ni ya yadi au ya mita kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Jambo la kwanza la kukijua kitambaa ni mwelekeo wa nyuzi zake. Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za aina mbili: zile zinazotandazwa kwa urefu katika kitanda cha mfumi, ambazo huitwa mtande, na ule uzi unaopitishwa kwa kukatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ambao huitwa mshindio. Mtande huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma, kwa hiyo kitambaa kikishikwa kwa urefu na kuvutwa kwa mikono miwili hakiachii karibu chochote. Kikivutwa kwa upana huachia kidogo. Na kikivutwa kwa mshazari, yaani kwa mwelekeo unaokata pembe baina ya hizo nyuzi mbili, hunyumbuka sana hata kitambaa chenyewe kikiwa kigumu. Ndiyo maana nguo nyingi hukatwa mtande ukishuka kutoka begani hadi kwenye pindo, na ndiyo maana mguu wa suruali uliokatwa bila kuangalia mtande hujizungusha mwilini mpaka mshono wa ubavuni ukafika mbele ya goti, kasoro ambayo hakuna pasi wala ufundi wa cherehani unaoweza kuirekebisha. Mshazari una manufaa yake pia, kwa mfano katika utepe wa kuzungushia shingo ya blauzi, ambao hulazimika kulala vizuri kwenye mviringo.

Elimu hii hutumika papo hapo dukani. Muuzaji anayetoboa ukingo wa pamba kwa mkasi kisha akaipasua kwa mikono hamharibii mteja kitambaa, maana pamba ya kufumwa kwa njia ya kawaida hupasuka kwa kufuata mshindio na kuacha mstari ulionyooka. Kinyume chake, mkasi unaokwenda upesi ukapinda huweza kumnyima mteja sentimita kadhaa upande mmoja. Vitambaa vinavyoteleza, kama satini na shifoni, havipasuliwi hivyo, na hapo mteja huomba aachiwe ziada kidogo. Wakati mwingine kosa huwa kwenye uchapaji: maua au mistari imechapwa ikiwa imekwenda upande, haikulingana na mshindio. Kitambaa cha namna hiyo humpa mshonaji chaguo la mambo mawili mabaya, ama anyooshe nyuzi na michoro ipinde, au anyooshe michoro na nguo ijizungushe mwilini, na uamuzi wa busara ni kukiacha hapo hapo kwenye meza ya muuzaji hata kama bei yake imepunguzwa.

Kuna majaribio mengine ambayo hayahitaji kifaa chochote. Kitambaa kikifumbatwa kiganjani kwa nguvu na kuachiwa, kitaonyesha kiasi kitakavyojikunja mvaaji anapokaa. Kikiinuliwa kuelekea mwanga, kitaonyesha kama kitahitaji bitana, yaani kitambaa cha pili cha kutia ndani. Na kikisuguliwa baina ya viganja, vumbi jeupe likidondoka, hiyo ni dalili kwamba ugumu wake unatokana na wanga uliotiwa kiwandani, ambao utaondoka na maji ya kwanza na kuacha kitambaa kilicholegea. Leso nyeupe iliyolowanishwa kidogo ikipitishwa juu ya rangi nzito, hasa nyekundu, nyeusi na buluu ya nili, hufichua rangi inayochuja. Jaribio la moto hufanywa nyumbani, kwa nyuzi chache zilizochomolewa ukingoni na kushikwa kwa kibanio juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, hariri na sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kujua hilo si udadisi mtupu, kwa sababu pasi yenye joto linaloifaa pamba huweza kuyeyusha poliesta, na gauni la poliesta lililoshonwa kwa ajili ya mwezi wa Januari huko Dar es Salaam huishia kabatini kwa joto lake.

Vitambaa vinavyoshonwa zaidi majumbani katika ukanda huu ni kitenge na kanga, na ingawa mara nyingi huuzwa duka moja, havikatwi kwa mantiki moja. Kitenge ni kitambaa cha mita, chenye michoro inayojirudia mwanzo hadi mwisho, na huuzwa kwa kawaida kwa kipande cha yadi 6. Asili ya mtindo wake ni batiki ya Java, ambamo nta hutumika kuzuia rangi isiingie mahali fulani. Waholanzi waliuiga ufundi huo kwa mashine katika karne ya 19, na kiwanda kinachojulikana leo kwa jina la Vlisco, kilichoanzishwa katika mji wa Helmond mwaka 1846, ndicho maarufu zaidi miongoni mwa vile vilivyouza vitambaa hivyo Afrika. Kitenge cha nta kina rangi nzito pande zote mbili. Kile cha kuchapwa upande mmoja hupauka upande wa nyuma. Tofauti hiyo haina uzito katika sketi nyembamba, bali ina uzito mkubwa katika kilemba, katika kola pana inayolala wazi, katika mikono ya kukunja, na katika marinda yanayofunguka mvaaji anapotembea, kwani mahali pote hapo upande wa nyuma huonekana.

Michoro mikubwa ya kitenge ndiyo uzuri wake na ndiyo mtihani wake. Mshonaji hupima umbali kutoka ua moja hadi ua la pili linalofanana nalo, na ikiwa umbali huo ni sentimita 40, hana budi kuongeza karibu kiasi hicho kwa kila kipande kinachotakiwa kulingana na mwenzake kwenye mshono. Ndege wanaotazama juu huzuia vipande visigeuzwe kichwa chini ili kubana nafasi. Duara kubwa linaloangukia kifua kimoja na kukosekana kwenye kingine, au ua moja kubwa linalokaa katikati ya makalio, huharibu nguo ambayo mishono yake yote ni sahihi. Inafaa kitambaa kitandazwe chote kitandani au sakafuni kwenye mkeka safi, vipande vya karatasi vipangwe juu yake, kisha mshonaji asimame na kukitazama kwa mbali. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kukata, na hakuna haraka inayogharimu zaidi katika ushonaji wote.

Kanga ni kitambaa ambacho tayari kimekamilika kabla ya kukatwa. Ina pindo linalozunguka pande nne, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, na yote hayo yamo ndani ya eneo la takriban sentimita 150 kwa 110. Anayeikata kama kitenge huivunja. Anayeielewa huanza na pindo: huliweka chini ya gauni ili lifanye kazi ya urembo wa upindo, hutumia ukweli kwamba doti ina vipande viwili vinavyofanana ili mbele na nyuma ya nguo zilingane, na mikono huitoa katika mabaki ya mji. Jina huachwa likae zima, kwa kuwa kanga huchaguliwa na kutolewa zawadi kwa ajili ya maneno yake, na jina lililokatwa katikati ya neno ni hasara ambayo kila msomaji wa Kiswahili atakayemwona mvaaji ataitambua. Biashara ya kanga yenyewe ina makao ya zamani: huko Mombasa, nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo chapa yake ni Mali ya Abdulla, imekuwapo tangu mwaka 1887, na Mtaa wa Biashara wa mji huo ungali ukiwavuta wanunuzi wa kanga, kama wanavyovutwa na maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Darajani mjini Zanzibar.

Katika masoko hayo wingi wa vitambaa humchanganya asiye na hesabu, na hesabu inayohitajika si ngumu. Sketi iliyonyooka ya mtu mwenye nyonga za sentimita 110 na urefu wa sentimita 70 inaweza kuwa mfano. Nyonga huongezewa sentimita 4 ili mvaaji aweze kukaa, jumla ikawa 114. Nusu yake, ambayo ni 57, huongezewa sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono, ikawa 60. Na kwa kuwa kuna mbele na nyuma, upana unaotakiwa ni sentimita 120. Urefu wa 70 ukiongezwa sentimita 1.5 za kiunoni na 4 za upindo unafika 75.5. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, kipande cha sentimita 80 kinatosha, na kinachobaki pembeni kinatoa mkanda wa kiunoni ulioungwa ubavuni. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 115, mbele na nyuma haviwezi kukaa sambamba, na urefu wa kununua unaruka hadi karibu sentimita 160. Nguo ni ile ile, mwili ni ule ule, na mahitaji yamekuwa maradufu kwa tofauti ya upana peke yake. Kwa hiyo bei ya mita moja haina maana mpaka upana ujulikane.

Pamba hupungua ikifuliwa. Kipande cha mita 3 kikipungua kwa asilimia 3 hupoteza sentimita 9, na upungufu huo ukitokea baada ya nguo kushonwa, gauni lililofika chini ya goti huishia juu yake. Kitambaa hufuliwa kwanza kwa namna ile ile nguo itakavyofuliwa, hukaushwa na kupigwa pasi kwa kufuata mtande, ndipo hukatwa. Uzi, zipu, vifungo na kitambaa kigumu cha ndani ya kola hununuliwa siku ile ile ya kununua kitambaa, rangi ya uzi ikilinganishwa nje ya duka kwenye mwanga wa jua, maana taa za dukani hudanganya. Nguo nyingi zilizosimama njiani zinangoja zipu ya rangi ambayo haikununuliwa kwa wakati wake.

Ushonaji wa nyumbani hutofautiana na wa fundi mwenye kibanda kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba kazi yake hukatizwa. Meza ya kukatia ndiyo meza ya chakula, cherehani hutolewa na kurudishwa, na saa ya kushona hupatikana baina ya shughuli nyingine. Anayengoja siku nzima iliyo tupu hatashona, kwa hiyo maendeleo hutegemea kuigawa nguo katika hatua ambazo kila moja inaweza kumalizika kwa kikao kifupi: kikao cha kukata tu; kikao cha kuweka alama kwa chaki na kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda inayoshikilia vipande kabla ya mshono wa kudumu; kikao cha kushona mabega na mbavu; kikao cha kola. Vipande vilivyokatwa hufungwa pamoja na uzi wake na karatasi inayoeleza hatua iliyofikiwa, ili anayerudi baada ya majuma mawili asilazimike kukumbuka. Pale ambapo nguo mbili zinatumia uzi wa rangi moja, mishono yao hupigwa katika kikao kimoja.

Mfano bora wa kazi ya kukatizwa uko pwani kwenyewe. Kofia ya viua, yenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi kwa sindano mpaka yakafanya nakshi, hushonwa kwa mkono tundu kwa tundu, na kazi yake huweza kuchukua majuma hata miezi kwa sababu hufanywa barazani, baada ya kupika, mshonaji akizungumza na wenzake. Nakshi huwa imechorwa yote tangu mwanzo, kwa hiyo mkono unaporudi kazini haukuti swali lolote la kuamua. Nguo ya cherehani inaweza kupangwa vivyo hivyo, maamuzi yote yakimalizwa siku ya kukata na vikao vinavyofuata vikaachiwa utendaji mtupu.

Pasi hudharauliwa kuliko inavyostahili. Kila mshono hupigwa pasi kabla haujakatizwa na mshono mwingine, kwanza ukiwa umefungwa kama ulivyotoka kwenye cherehani ili nyuzi zitulie, kisha ukiwa umefunguliwa kwa ndani. Nguo iliyopigwa pasi mwishoni tu huonekana imeshonwa nyumbani, kwa ile maana isiyopendeza. Sindano nayo huchaguliwa kwa kitambaa: namba 90, ambayo ina maana ya unene wa milimita 0.9 na huandikwa pia 14, hufaa kitenge. Namba 100 hufaa jinzi. Namba 65 au 70 hufaa shifoni. Na kitambaa cha fulana hutaka sindano yenye ncha butu inayopenya kati ya nyuzi badala ya kuzitoboa. Cherehani inayoruka mishono aghalabu haina ugonjwa, ila ina sindano iliyopinda au iliyochakaa. Kingo za ndani zinazochambuka hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya ovaloki, ambaye huzimaliza kwa malipo madogo, na ni vyema vipande vya nguo kadhaa vikusanywe na kupelekwa kwa safari moja.

Kazi inayowazoesha wengi nidhamu hii ni sare za shule, kwa kuwa ina tarehe isiyosogea na mvaaji asiyeacha kukua. Sketi au suruali ya mtoto huachiwa upindo wa sentimita 6 hadi 8 badala ya 4, ukishonwa kwa mishono mirefu iliyo rahisi kufumuliwa, na kiunoni mishono ya nyuma huachiwa nafasi ya kutanuliwa. Baada ya mwaka upindo hushushwa, na mahali ulipokunjwa hubaki mstari uliopauka kwa jua na sabuni, ambao mshonaji huufunika kwa utepe mwembamba wa rangi ya sare, ukizungushwa hadi nyuma na ncha zake zikaingizwa ndani ya mshono wa ubavuni.